Taa Nyekundu, na Ushuhuda wa Mtu Aliyepata Nafuu



Swali limeletwa na walimu wa mitaa miwili, nami naona lastahili kujibiwa hapa katika gazeti letu, wala si kwa barua tu, maana lawagusa wengi. Waumini wazee, wenye kuumwa magoti na viuno kwa miaka mingi, wameletewa na watoto wao walioko mijini, au Ulaya na Marekani, taa itoayo mwanga mwekundu. Hummulika mgonjwa mahali panapouma, robo saa hivi kila siku, nyumbani mwake. Wengine wasema wamepata nafuu. Mmoja wao alisimama baada ya ibada akashuhudia mbele ya usharika ya kuwa taa ile imemponya, na juma lililofuata jirani zake watatu walikwenda kukopa fedha ili wanunue taa kama yake. Walimu wauliza: Je, ni halali Mkristo kutumia taa hiyo? Na ushuhuda ule, tuukataze au tuushukuru?

Swali la kwanza ni jepesi, nami sitakaa nalo. Wako wanaonong'ona ya kuwa taa ni namna ya uganga, na wengine husema aitumiaye amepungukiwa na imani. Hao wasome tena habari za mfalme Hezekia, ambaye alimwomba Mungu, na nabii Isaya akamletea ahadi ya Mungu, kisha akaagiza awekewe mkate wa tini juu ya jipu lake. Tini zile hazikuipunguza ahadi. Paulo naye alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, wala hakumwambia kwamba sala yatosha. Na Martin Luther, mwaka 1527, alipomwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau juu ya tauni, alifundisha ya kuwa Mungu ndiye aliyeziumba dawa na kutupa akili ya kuutunza mwili, naye azikataaye amjaribu Mungu. Basi taa ni kama tini. Ikisaidia, itumiwe.

Lakini je, yasaidia? Hapo ndipo swali la pili laanza, nalo ni zito.

Nuru nyekundu si kitu kigeni. Ni sehemu ya nuru ya jua, nasi twaiona katika upinde wa mvua. Wataalamu huipima kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Taa hizi hutoa nuru ya nanomita 630 hata 660 hivi, na nyingi huongeza miale isiyoonekana kwa macho, ya 810 hata 850, iitwayo infraredi. Kazi yake haitegemei joto, kama ilivyo kwa taa ya kupasha joto tuliyoizoea. Wataalamu wengi wadhani ya kuwa ndani ya seli za mwili, katika vile viungo vidogo viitwavyo mitokondria vitayarishavyo nguvu, mna kimeng'enya kipokeacho nuru hiyo, hata seli ikafanya kazi vema zaidi na uvimbe ukapungua. Jambo hili lilianza kuchunguzwa kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1967, katika mji wa Budapest, tabibu Endre Mester alitaka kujua kama miale ya leza yaweza kuleta saratani. Akawanyoa panya manyoya, akawamulika kwa leza nyekundu. Saratani hakuiona, ila aliona manyoya yakiota upesi kuliko ya panya wasiomulikwa.

Basi hatusemi habari za ramli wala hirizi. Kuna kitu hapa. Lakini kusema kuna kitu si kusema taa huponya, na kati ya maneno hayo mawili pana bonde ambalo wengi hulivuka wamefumba macho.

Nitaleta mfano kutoka maisha ya Luther mwenyewe, ambao nashangaa kwamba hausimuliwi mara nyingi. Mwaka 1537 alikuwa Schmalkalden katika mkutano wa wakuu wa Kiprotestanti, akashikwa na ugonjwa wa mawe hata mkojo ukazibika siku nyingi, na watu wakadhani atakufa. Matabibu walimpa dawa za namna nyingi, bila faida. Akaomba aondolewe mji ule. Wakampakia katika gari la farasi, na njia ilikuwa mbovu, ikamtikisa vibaya sana, maumivu yakazidi. Usiku ule ule, walipofika Tambach, mkojo ukafunguka. Akamwandikia mkewe Katharina barua ya kumsifu Mungu. Ni nini kilichomfungua? Labda ni mtikisiko wa gari. Labda ni dawa zilizochelewa kufanya kazi. Labda jiwe lilikuwa limekwisha kusogea lenyewe. Luther alishukuru, akaishi miaka mingine tisa, na tangu siku ile sijasikia Mlutheri aliyeuza magari ya farasi kuwa dawa ya mawe.

Mbona tunacheka habari ya gari, wala hatucheki habari ya taa? Kwa sababu gari halikutengenezwa ili liponye, na taa imetengenezwa kwa kusudi hilo, tena ina maandishi mazuri juu ya kisanduku chake. Lakini kama ni kuthibitisha, hali zao ni moja. Lililotangulia nafuu silo lazima lililoizaa.

Tena yafaa tuyajue maumivu ya kudumu jinsi yalivyo. Matabibu huyaita ya kudumu yakipita miezi 3. Hayakai katika kimo kimoja, bali hupanda na kushuka, leo mtu hawezi kupiga magoti, mwezi ujao ashuka bondeni kuchota maji. Na hakuna anunuaye taa siku goti lake limetulia. Hununua siku ya ubaya, amekesha usiku, amechoka kulia. Baada ya kilele hufuata mteremko, awe na taa au asiwe nayo. Na akiwa nayo, taa ndiyo itakayosifiwa. Mtu huyu hasemi uongo. Aona jambo la kwanza, aona la pili, ayaunganisha kama tunavyoyaunganisha sote.

Wala mtu asidhani kwamba unyofu wa moyo wamkinga na kosa hilo. Niels Finsen, tabibu wa Denmark, nchi ya Walutheri wenzetu, alikuwa mtu mnyofu, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa miaka mingi. Mwaka 1893 alitangaza ya kuwa wagonjwa wa ndui wakikaa katika vyumba vyenye nuru nyekundu peke yake, bila miale mingine ya jua, hawatapata makovu mabaya. Matabibu wa nchi nyingi wakatundika mapazia mekundu. Wengine walipojaribu kwa uangalifu zaidi hawakuiona faida ile, na mapazia yakashushwa. Lakini Finsen huyo huyo aliwatibu kwa nuru kali watu walioliwa nyuso na kifua kikuu cha ngozi, na wengi wakapata kweli, hata mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata akafa, umri wake miaka 43. Mtu mmoja, moyo mmoja, nuru mbili: moja ilifaa, nyingine haikufaa. Kwa kuutazama uso wake asingeweza mtu kujua ipi ni ipi. Ilihitajiwa kupimwa.

Ndiyo sababu watabibu wa siku hizi hawatosheki na ushuhuda. Huwagawa wagonjwa kwa kura, hawa wamulikwe na chombo cha kweli, wale kwa chombo kilicho sawasawa kwa sura lakini kisichotoa nuru ile, wala mgonjwa asijue yuko upande gani, wala ampimaye. (Kwa nuru nyekundu ionekanayo jambo hili ni gumu, maana kila mtu ajua kama taa yawaka; kwa miale isiyoonekana ni rahisi zaidi.) Mwaka 2009 gazeti la matabibu liitwalo Lancet lilikusanya majaribio 16 ya namna hiyo juu ya maumivu ya shingo, wagonjwa 820, na yalionyesha ya kuwa miale ya leza ilipunguza maumivu, na kwa maumivu ya kudumu nafuu iliendelea hata majuma 22 baada ya matibabu. Mwaka 2019 yakakusanywa majaribio 22 juu ya goti lenye kulika. Maumivu yalipungua pale ambapo kipimo cha nuru kilifuata kanuni, na pale ambapo hakikufuata, faida haikuonekana wazi. Lakini waliochunguza habari za mgongo mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha wa kusema ndiyo wala siyo.

Mwalimu asomaye haya na aangalie neno moja. Majaribio yale yalifanywa kwa leza yenye nguvu ijulikanayo, ikishikwa na mkono uliofundishwa, ikiwekwa mahali palipopimwa. Taa ya nyumbani ni jamaa yake, lakini si yeye. Nyingine ni hafifu, nyingine hazitoi nuru iliyoandikwa kisandukuni, na mtu huiweka karibu au mbali apendavyo. Nayo nuru hii ni kama mvua: haba haioteshi, na ikizidi sana faida yaweza kupotea. Basi lisemwalo kwa haki ni hili: yaweza kuwapunguzia maumivu baadhi ya watu, kwa kiasi, kwa muda. Kwamba yalirudisha gegedu lililokwisha kulika ndani ya goti, hilo halikuonyeshwa.

Najua mtu ataniambia, "Mchungaji, wewe wamnyang'anya mama mzee faraja yake. Kama nafuu yake yatoka katika kuamini tu, imekudhuru nini?"

Neno hilo lina uzito, wala sitaki kulipita upesi. Kwanza, nafuu itokayo katika kutazamia nafuu si ya kujifanya. Mwili na roho Mungu hakuviumba katika nyumba mbili zisizo na mlango kati yake. Shirika la mataifa la wachunguzi wa maumivu, lilipotengeneza upya maana ya neno hilo mwaka 2020, lilisema ya kuwa maumivu ni jambo la mwili na la moyo pamoja, na kwamba mtu akisema anaumwa, neno lake liheshimiwe. Twahitaji kulisikia hilo kanisani. Wangapi kati yetu wamemwona mzee aketiye wakati wa wimbo, wakasema moyoni kwamba amezoea kulalamika? Tabibu asipoona kitu katika picha, nasi twasema hana kitu. Paulo alimwomba Bwana mara tatu juu ya mwiba wake, wala hakutuambia ulikuwa mwiba gani, na hakuna mtu katika Korintho aliyepewa ruhusa ya kuukagua.

Basi juu ya mwili wake mwenyewe, mwenye maumivu ni shahidi wa pekee. Akisema, "Naumwa," tumwamini. Akisema, "Leo nimepata nafuu," tumwamini na kufurahi naye. Lakini akisema, "Taa hii huponya magoti," ameuacha mwili wake, ameingia katika miili ya wengine ambayo hakuiona. Hapo si shahidi tena. Amri ya nane twaifundisha watoto kana kwamba yamkataza tu mtu kumsingizia jirani mabaya. Lakini shahidi mwaminifu ni yule asemaye alichokiona na kunyamaza palipoishia macho yake. Azidishaye, hata kwa furaha, hata kwa kupenda, ametoa ushuhuda usio wake. Nalo neno ushuhuda kwetu si neno la sokoni. Tumelitumia kwa ajili ya mitume na wafia dini. Mtu akisimama mahali pale pale, kwa sauti ile ile, akashuhudia habari za taa, wasikiao hawapati nafasi ya kupima. Wataka kusema Amina.

Pili, si kweli kwamba faraja yahitaji udanganyifu ili iishi. Katika Lisbon wagonjwa 97 wa maumivu ya kiuno ya kudumu walijaribiwa kwa jambo la ajabu, na habari zake zikachapwa mwaka 2016. Baadhi yao walipewa vidonge visivyo na dawa, nao wakaambiwa wazi, "Hivi havina dawa ndani yake." Wakavimeza majuma 3, huku wakiendelea na matibabu yao ya kawaida, na maumivu yao yakapungua kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Sisemi tugawe vidonge vitupu mitaani. Nasema tu ya kuwa yule asemaye lazima tumfiche mgonjwa ukweli ili apate nafuu, hajui nguvu ya kutunzwa. Mama mzee aweza kuambiwa, "Taa hii yawasaidia wengine, wengine haiwasaidii, tujaribu pamoja," naye asipotewe na tumaini lake.

Lililonisukuma kuandika zaidi ya yote ni wale majirani watatu waliokopa. Wao hawakununua taa, wamenunua neno la mtu wamwaminiye. Amri ya saba yatufundisha tusiichukue mali ya jirani kwa bidhaa za uongo, bali tumsaidie kuihifadhi. Wauzaji wa vitu hivi kwa simu huandika mara nyingi ya kuwa chombo chao kimeidhinishwa Marekani. Yafaa watu wajue ya kuwa idara ya nchi ile yaweza kuruhusu chombo kiuzwe kwa sababu tu chafanana na kingine kilichotangulia sokoni. Ruhusa hiyo si hati ya kwamba kimethibitika kuponya. Na muumini apataye fungu la fedha kwa kila taa iuzwayo, huyo asisimame kabisa kushuhudia habari zake kanisani, hata kama goti lake limepona kweli. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili alikuwa amewapa matabibu vyote alivyokuwa navyo, wala mwinjilisti hamkemei hata kwa neno moja. Aumwaye hutoa. Ndiyo maana wanaomzunguka wana wajibu kuliko yeye.

Wala fedha si hasara kubwa kuliko zote. Hatujasahau mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa kanisa letu alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Sisemi neno juu ya moyo wa mzee yule, aliyekwisha kulala. Bei ilikuwa ndogo, hata maskini aliiweza. Hasara ilikuwa katika vile vilivyoachwa kwa sababu ya ushuhuda uliosikika: wagonjwa walitolewa vitandani wakafa wakingoja foleni, na wengine waliacha dawa zao za kila siku. Taa nyekundu yenyewe haidhuru sana. Lakini maumivu ya mgongo yasiyopungua usiku, pamoja na homa na kukonda, yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani, na kila mwezi wa kumulikwa nyumbani ni mwezi uliopotea. Mwenye kisukari au ukoma, aliyepotewa na hisi miguuni, akitumia taa ya joto akidhani ni hii, aweza kuungua asijue. Mwanga huu usitazamwe kwa macho, usimulikwe juu ya uvimbe usiojulikana, na wanaotumia dawa ziifanyazo ngozi kuchukiwa na mwanga wamwulize tabibu kwanza. Amri ya tano yahusika hapa.

Sasa nawajibu walimu. Kikundi cha wanawake cha mtaa mmoja chaomba kununua taa moja ya kutumiwa na wazee wote kwa zamu. Naona ni vema, tena ni bora kuliko watu wanne kukopa. Kwanza waende hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo wamwulize taa ya namna gani, na umbali gani, na dakika ngapi. Naye atawaambia pia, bila shaka, ya kuwa goti lililolegea lahitaji kutiwa nguvu kwa mazoezi, jambo lisilo na gharama na lenye ushahidi mwingi kuliko taa. Taa ikae nyumbani kwa mmoja wao, wala si kanisani kama wengine walivyopendekeza. Hezekia yule yule aliyewekewa tini ndiye aliyeivunja nyoka ya shaba watu walipoifukizia uvumba, ingawa iliwaponya baba zao jangwani.

Nao wawe na daftari. Kila mzee aulizwe kabla ya kuanza maumivu yake ni mangapi katika kumi, na awezavyo kutembea; aulizwe tena baada ya majuma manne, na baada ya manane. Kisha taa inyamaze kwa mwezi mmoja, aulizwe tena. Na siku ya kutoa habari mbele ya kikundi, wasiitwe wale waliopata nafuu peke yao. Yule mama aliyemulikwa majuma manane, na goti lake bado lauma kama siku ya kwanza, apewe kiti mbele, naye aseme.